Usimnyang'anye Mzee Simu

 

Huu ndio wakati ambao mkoa wetu una hela. Masoko ya tumbaku yanaendelea Urambo, Kaliua na Sikonge, mpunga wa Igunga unapakiwa, karanga zinamenywa, wenye mizinga wanarina asali. Hela ikiingia kila mtu anajua. Muuza pikipiki anajua, muuza mabati anajua, na tapeli naye anajua. Wala hahitaji kuishi Tabora ili ajue tunavuna lini.

Kwa hiyo leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Nataka tuongee kuhusu wazazi wetu, simu zao, na hela iliyomo kwenye hizo simu. Msimamo wangu nauweka mapema, asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia: kijana anayemnyang'anya mzazi simu ili "asitapeliwe" hajamlinda. Amemtoa kwenye hatari moja akamwingiza kwenye nyingine.

Hili nalo ni suala la kilimo biashara

Wengi wenu mnaosoma hapa mnalima kibiashara kwenye ardhi ya wazazi. Ekari ni za baba. Uanachama wa chama cha msingi ni wa baba. Hela ya kukodi trekta ilitokana na ng'ombe wa mama. Wengine wazazi wenu ni walimu na manesi wastaafu, na kiinua mgongo ndicho kilichochimba kisima mnachomwagilia nyanya. Mzee akitapeliwa milioni mbili mwezi wa nane, wewe unaiona hasara hiyo mwezi wa kumi na moja, mvua ikianza na mbegu ikitakiwa.

Mwaka juzi nilikuta hali ya namna hiyo kwenye kata moja ninayoihudumia. Kijana alikuwa amelima ekari sita za mahindi, mvua zimeshaanza, mbolea haionekani. Kila akimuuliza baba yake kuhusu hela ya karanga, mzee anasema, "Ipo, subiri." Kumbe haikuwepo tangu mwezi wa nane. Mzee alipigiwa simu akaambiwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam amepata ajali, yuko chumba cha upasuaji, itumwe hela daktari aanze kazi. Alituma mara tatu. Jioni yule mwanawe akapiga mwenyewe kumsalimia, mzima kabisa. Mzee hakumwambia mtu. Miezi mitatu nzima alikuwa anauza mbuzi mmoja mmoja, akijaribu kuirudisha hela kimyakimya kabla wanawe hawajajua.

Angalieni hesabu hiyo vizuri. Hasara ya kwanza ililetwa na tapeli. Ya pili, ya msimu mzima, ililetwa na ukimya. Familia ingejua mwezi wa nane ingepanga upya: ingepunguza ekari, ingeuza ng'ombe mmoja kwa bei ya kiangazi, ingeomba mkopo mapema. Mwezi wa kumi na moja hakuna cha kupanga tena. Nilimuuliza yule mzee kwa nini hakusema. Akanijibu kwa kifupi tu: "Wangeniondolea simu."

Wanavyoingia

Mbinu zao si nyingi, na nyingi mnazijua. Ila zitazame kwa jicho la mzee, utaona kwa nini zinafanya kazi.

Ipo ile meseji maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wewe unaicheka kwa sababu hudaiwi na mtu. Mzee aliyeahidi jana kuwalipa vibarua wa kuchuma tumbaku haicheki. Kwake inafika kama jambo alilokuwa analisubiri. Tapeli ametuma meseji hiyo kwa watu mia na hajali tisini na tisa watasema nini. Anamtafuta mmoja mwenye deni la kweli.

Ipo ya hela "iliyoingia kimakosa." Meseji inakuja imeandikwa kama ya mtandao wa simu, kisha mtu anapiga kwa sauti ya huruma, anaomba arudishiwe. Mzee mwaminifu anarudisha hela ambayo haikuwahi kuingia. Uaminifu wake ndio mlango waliopitia.

Ipo ya "huduma kwa wateja," anayetaka namba ya siri au anayemwelekeza mzee abonyeze tarakimu hizi na hizi, "la sivyo laini itafungwa." Wazee wengi wanakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ambapo baada ya Januari 20, 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa zilianza kuzimwa kwelikweli. Tishio la laini kufungwa halionekani kama uongo, kwa sababu liliwahi kuwa kweli.

Kwa wastaafu ipo ya "uhakiki" na "nyongeza ya pensheni," ambapo anatakiwa alipe kidogo ili apate kingi. Na ipo isiyotumia simu kabisa: kijana mwenye mashine ya kusajili laini anamwambia bibi, "Weka tena kidole, hakijasoma," kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine kwa namba ya NIDA ya bibi. Laini hiyo ndiyo itakayotumika kuwatapeli wengine, na jina litakalosomeka ni la bibi.

Rupia za Mjerumani

Kwetu Tabora kuna mbinu moja ina mizizi mirefu kidogo. Mji wetu umekaa kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na watu waliofanywa watumwa, vyote vilipita hapa. Miembe mnayoiona ikielekea Kwihara inatukumbusha njia hiyo. Baadaye akaja Mjerumani akajenga boma. Hivyo karibu kila familia ina hadithi ya mali iliyofukiwa chini ya mwembe fulani au nyuma ya jabali fulani.

Tapeli anaitumia hadithi hiyo. Anakuja mtu mwenye heshima zake, wakati mwingine na mganga, anasema kwenye shamba la mzee kuna rupia za dhahabu na mnunuzi yupo tayari. Kinachokosekana ni hela ya dawa, hela ya mashine ya kupimia, hela ya kibali. Mzee anatoa. Inakosekana nyingine, anatoa tena.

Usimwambie mzee kwamba rupia za dhahabu hazijawahi kuwepo. Zilikuwepo. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifua hapahapa Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Ukimbishia mzee jambo ambalo babu yake alilishuhudia, hatakusikiliza kwenye lile lililobaki. Mwambie hivi: "Baba, rupia zilikuwepo kweli. Lakini mtu mwenye uhakika wa dhahabu hakosi hela ya dawa. Kwa nini aje kukuomba wewe?" Hapo umemheshimu, na umempa swali la kumuuliza mgeni wake.

Acheni kusema mzee ni mshamba

Nasikia sana kauli hii vijiweni. "Wazee wetu hawajasoma, ndiyo maana." Tukumbushane kidogo.

Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI. Ile ilikuwa biashara ya upatu iliyotumia lugha yetu sisi wakulima: unaleta hela, inaitwa kupanda mbegu, unarudishiwa nyingi, inaitwa kuvuna. Waliopanda walikuwa wafanyakazi, wafanyabiashara, waumini, watu wa kila umri. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Mwaka 2020 mwenye kampuni ya Mr. Kuku Farmers alifikishwa katika mahakama hiyohiyo kwa kuendesha upatu uliovaa nguo za ufugaji wa kuku. Na mapema mwaka 2025 polisi walikamata watu katika mikoa mbalimbali kuhusiana na LBL, ambapo watu walikuwa wanaweka hela ili walipwe kwa kutazama matangazo kwenye simu. Niambie, LBL walikuwa ni wazee wa kijijini? Walikuwa vijana wenye simu kubwa na vifurushi vya intaneti.

Tena wapo wazazi walioingizwa huko na watoto wao wenyewe. "Mama, weka laki tano, mwisho wa mwezi utaona." Mama hakumwamini tapeli, alimwamini mwanawe. Na ile mikopo ya kwenye programu za simu, kijana anakopa kimya, akichelewa kulipa, anayepigiwa na kutukanwa ni baba yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla hujaenda kumfundisha mzee, hakikisha wewe siye njia ambayo tapeli anapita kuingia nyumbani.

Mzee alitapeliwa kwa sababu alikuwa peke yake, ameharakishwa, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumuuliza bila kuchekwa. Msomi naye ukimweka hapo atatuma.

Somo la dumuzi

Wazee wa Tabora wanamkumbuka dumuzi alipoingia. Mdudu yule anayetoboa mahindi ghalani alitambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika hapa mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aligeuza magunzi na punje kuwa unga ndani ya miezi michache. Ushauri wa wataalamu ulikuwa nini? Hawakuwaambia wakulima waache kuhifadhi mahindi, wala wamkabidhi jirani ghala. Waliwaambia wabadili namna ya kuhifadhi: msiweke mahindi na magunzi yake, pukuchueni, changanyeni na dawa ya unga, kagueni. Mahindi yalibaki ya mkulima, kwenye ghala lake.

Simu nayo tuitendee hivyo. Ukimnyang'anya mzee simu, mambo matatu yanatokea. La kwanza, anakuwa ombaomba kwenye nyumba yake: kila akitaka hela ya dawa au mchango wa msiba, lazima akuombe. La pili, namba ya siri inahamia kwa mtu mwingine, mara nyingi mjukuu au wewe mwenyewe, na hakuna anayemkagua huyo mtu. Nimeona nyumba ambapo hela ya mzee iliisha taratibu bila tapeli yeyote kupiga simu. La tatu ndilo baya zaidi: wazee wengine wanajifunza kwamba kusema "nimetapeliwa" ni kujipokonya uhuru, kwa hiyo hawasemi.

Najua wapo watakaoniambia, "Afisa, baba yangu anasahau kweli, anatuma hela mara mbili mbili." Sawa. Kusahau kwa ugonjwa ni jambo jingine, na kwanza aonwe na daktari. Ikibidi hela ishikwe na watoto, ishikwe na wawili, si mmoja. Kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari, na daftari lisomwe mbele ya mzee na ndugu wote. Asiyetaka daftari, msimpe hela.

Kanuni ziwe za nyumba nzima

Hili ndilo ninalolitilia mkazo. Ukienda na kanuni za wazee tu, utaonekana unamdharau. Nenda na kanuni zinazokufunga na wewe.

1. *Hela ya haraka ilale kwanza.* Kubalianeni kiwango, tuseme elfu hamsini. Zaidi ya hapo, hakuna anayemtumia mtu mpya mpaka hela ilale usiku mmoja na ndugu mmoja aulizwe. Wewe pia ukitaka kumtumia hela muuza mbegu uliyemwona mtandaoni, unamuuliza baba kwanza. Atakuuliza, "Umewahi kuiona duka lake?" Utashangaa swali hilo litakuokoa mara ngapi.

2. *Wekeni neno la familia.* Simu ya ajali ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu haingoji kesho. Chagueni neno ambalo mgeni hawezi kulijua, kwa mfano jina la ng'ombe wa kwanza wa marehemu babu. Anayesema anapiga kwa niaba ya mtoto, aulizwe neno. Asipolijua, simu ikatwe, mtoto mwenyewe apigiwe kwenye namba yake ya siku zote.

3. *Tenganisheni hela.* Huweki mbegu na chakula kwenye gunia moja. Hela ya mavuno iende benki au kwenye akiba ya chama, kwenye simu ibaki ya matumizi ya wiki. Tapeli akipata, apate ya chumvi na sabuni, asipate ya mbolea.

4. *Namba ni 100, na namba ya siri haiulizwi.* Huduma kwa wateja wa mitandao yetu ya simu inapiga kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akisema ni mtandao, ni mwongo. Mwandikieni mzee kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mbandike ukutani karibu na anapochajia simu. Hela ikidaiwa imeingia kimakosa, mzee aangalie salio kwanza. Ikiwa imeingia kweli, asirudishe kwa mkono wake, amwambie mwenyewe apige 100.

5. *Kagueni laini.* Piga *106# kwenye simu ya mzee, mtaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Mkikuta msiyoijua, nendeni kwenye duka la mtandao husika ikaondolewe. Fanyeni hivyo kila mwanzo wa msimu wa mauzo, kama mnavyokagua shamba kutafuta viwavijeshi. Humkagui kiwavi mara moja kwa mwaka.

6. *Dole gumba lisubiri shahidi.* Karatasi yoyote ya ardhi, mkopo au "mradi" isisainiwe siku inapoletwa. Isomwe kwa sauti, na mtoto mmoja pamoja na kiongozi wa kijiji wakiwepo.

Ikishatokea

Muda ni mali hapa. Pigeni 100 papo hapo mkiwa na kumbukumbu namba ya muamala, muombe hela izuiwe kabla haijatolewa. Msifute meseji. Namba ya tapeli mripoti TCRA kupitia namba 15040. Kisha nendeni polisi mfungue taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015 na kesi zinafika mahakamani. Kuna siku hela itarudi, kuna siku haitarudi. Lakini taarifa isipotolewa, ile namba inaendelea kuwapigia wazee wa kijiji kinachofuata.

Na mjiandae, kwa sababu aliyefanikiwa mara moja hurudi. Safari hii atajifanya polisi au mwanasheria anayeweza kurudisha hela "kwa ada ndogo." Mwambieni mzee mapema kwamba simu hiyo inaweza kuja.

Kuhusu maneno yako kwa mzee siku hiyo, naomba uyachunge. Usiseme "si nilikwambia." Sema, "Baba, umefanya vizuri kuniambia. Tuanze na namba 100." Wanaosikia ni wengi: mama anasikia, shangazi anasikia, jirani aliyeketi barazani anasikia. Ukimfokea mmoja, umewafunga midomo wote. Ukimpokea mmoja, wengine watakuja kuuliza kabla hawajatuma. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku. Basi nyumbani kwetu tusimfanye anayeuliza aonekane mjinga.

Wiki hii, kabla malipo hayajaingia yote, chagueni jioni moja. Zimeni redio, kaeni na wazazi, mwandike kiwango, mchague neno, mpige *106# kwenye simu zote za nyumba, za vijana zikiwa za kwanza. Haitamaliza hata saa moja. Wiki ijayo tutarudi kwenye mashimo ya kupandia na samadi, na nataka nikute hela ya mbolea bado ipo.